Uzamili wa fizikia: nichukue kozi ya mango (vitu yabisi) pamoja na kwanta, au ningoje mwaka wa pili?

Mwalimu_Moro

Habari za jioni wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Morogoro. Mwaka huu nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Mlimani, na ninataka utafiti wangu uwe kwenye vifaa vya umeme wa jua. Nimeambiwa wazi kwamba bila kozi ya fizikia ya mango sitafika mbali.

Tatizo ni muhula wa kwanza. Kwanta, sumaku-umeme, mbinu za hisabati na mango vyote vinakuja kwa pamoja. Shahada ya kwanza tulisoma mango kwa kitabu cha Kittel, tena sura za mwanzo tu. Sasa nimeanza kujiandaa kwa Ashcroft na Mermin. Sura tatu za kwanza zimeingia vizuri: modeli za Drude na Sommerfeld za elektroni kwenye metali, kisha pale ambapo nadharia ya elektroni huru inashindwa. Sura ya nne ya latisi, yaani mpangilio wa nukta unaojirudia ndani ya fuwele, nayo si mbaya. Sura ya tano, latisi kinyume, ndiyo imenisimamisha. Fomula ninaifuata hatua kwa hatua, lakini sioni kwa nini mtu aache fuwele aliyonayo mkononi akaishi kwenye nafasi ya k, yaani ya vekta za mawimbi.

Je, nichukue mango sasa, au nimalize kwanta kwanza? Na hiyo latisi kinyume, mlioipita mliielewaje? Natanguliza shukrani.

Dada_Fuwele

Mwalimu, hongera sana. Chukua zote mbili muhula huuhuu. Kwanta inayohitajika kwenye mango ni kipande kidogo, ila kipande hicho kikae vizuri kichwani: elektroni ndani ya boksi, mfululizo wa Fourier, na namna ya kukokotoa badiliko la nishati pale hali mbili zenye nishati sawa zinapoguswa na msukosuko mdogo. Hilo la mwisho lisome likizo hii hii, usisubiri mhadhiri alifikie. Pengo la nishati, yaani nishati ambazo elektroni haiwezi kuwa nazo ndani ya fuwele, linazaliwa hapo hapo. Elektroni ikifika ukingoni mwa zoni (eneo la nafasi ya k nitakalokuchorea hapa chini), wimbi linalokwenda kulia na lile linaloakisiwa kwenda kushoto huwa na nishati moja. Latisi inayachanganya, nishati inagawanyika mara mbili, na umbali kati ya hizo mbili ni 2|U|, ambapo U ni kijenzi cha Fourier cha potensheli ya latisi. Ni matriki ya mbili kwa mbili. Wewe unayefundisha matriki kila mwaka utaimaliza kabla chai haijapoa.

Sasa latisi kinyume. Iache fomula ya vekta tatu kwa muda, chukua karatasi ya grafu, rula na penseli. Chora latisi ya mstatili, upande mmoja a, mwingine 2a. Pembeni chora kinyume chake: nukta zinazoachana 2π/a upande huu na π/a upande ule. Uliokuwa mrefu umekuwa mfupi. Kisha kutoka kwenye kitovu chora mshale hadi kila nukta ya jirani, na katikati ya kila mshale pitisha mstari unaoukata kwa pembe mraba. Eneo linalobaki limezungukwa na mistari hiyo ndiyo zoni ya kwanza ya Brillouin. Rudia kwa latisi ya pembe sita, ile ya grafini. Rudia mpaka mkono uende wenyewe. Ndipo uende vipimo vitatu, uthibitishe kwamba kinyume cha mchemraba wenye nukta katikati ya nyuso ni mchemraba wenye nukta katikati ya mwili, na kwamba zoni yake ina nyuso 14: nane za pembe sita na sita za mraba. Shaba ina zoni hiyo. Silikoni pia.

Umeuliza kwa nini mtu aishi kwenye nafasi ya k. Kwa kuwa unakwenda kwenye umeme wa jua, nitakujibu kwa silikoni, maana mimi mwenyewe jambo hili ndilo lililonifanya niipende kozi. Pengo la silikoni kwenye joto la kawaida ni 1.12 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati). Ukitazama namba hiyo peke yake utadhani fotoni (chembe ya mwanga) yoyote yenye nishati kuizidi kidogo inamezwa mara moja. Chora bendi kwenye nafasi ya k uone: kilele cha bendi ya valensi (zilimo elektroni) kipo katikati ya zoni, lakini bonde la bendi ya upitishaji (zinakorukia) lipo mbali, kama asilimia 85 ya safari ya kuelekea nukta X, katikati ya uso wa mraba wa zoni. Elektroni lazima ihame kwa nishati na kwa k pia. Fotoni ya nanomita 1,000 ina nishati ya kutosha, lakini k yake ni ndogo karibu mara 2,000 kuliko umbali wa kutoka katikati hadi X. Kwa hiyo anahitajika mshiriki wa tatu, fononi, yaani mtikisiko wa latisi yenyewe, ulete k inayokosekana. Washiriki watatu kukutana ni nadra, hivyo mwanga wa karibu na pengo unasafiri mbali ndani ya silikoni kabla haujamezwa. Ndiyo maana vipande vya silikoni vya kwenye paneli vina unene wa mikromita 150 hivi, wakati telluridi ya kadimiamu, ambayo kilele na bonde lake vipo pamoja katikati ya zoni, inatosha kwa mikromita chache.

Mwalimu, unene huo hauwezi kuueleza ukiwa umesimama kwenye fuwele ya mkononi. Jibu lipo kwenye nafasi ya k peke yake.

Jambo jingine: kokotoa namba kila unapomaliza sehemu. Chukua shaba, elektroni huru 8.5 × 10²⁸ kwa kila mita ya ujazo. Utapata nishati ya Fermi, ile ya elektroni za juu kabisa, kama 7 eV na kasi ya kilomita 1,570 kwa sekunde. Kisha pitisha ampia moja kwenye waya wenye eneo la milimita moja ya mraba, ukokotoe mwendo wa jumla wa elektroni zilezile: haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita kwa sekunde. Kaa na hizo namba mbili hadi uone kwa nini zote ni za kweli kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayeweza kueleza hilo ubaoni simhofii kwenye mtihani.

Mkalenjin_wa_Bendi

Salamu kutoka Eldoret. Nakubaliana na dada hapo juu, ila mimi nisingeanza na Ashcroft na Mermin usiku wa manane baada ya kusahihisha madaftari. Pitia sura ileile kwa Kittel kwanza, uje kwa hao baadaye.

Nyongeza yangu ni kompyuta. Pakua Quantum ESPRESSO, programu ya kukokotoa bendi, ni ya bure. Seli ya silikoni ina atomu mbili tu, kwa hiyo kompyuta ya kawaida inakuchorea bendi zake ndani ya dakika chache, na utaliona kwa macho hilo bonde lililo karibu na X. Usishtuke ukipata pengo dogo kuliko 1.12. Makadirio ya kawaida ya njia hiyo hupunguza pengo, na kujua kwa nini ni sehemu ya elimu.

Pia fuatilia shule ya ASESMA. Ilianza 2010 Afrika Kusini, ikaja hapa kwetu Eldoret 2012, na inafundisha kazi hii kwa vijana wa Afrika. ICTP kule Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, ina stashahada ya mwaka mmoja yenye tawi la mango, na Kigali kuna taasisi dada yake. Omba mapema.

Mwalimu_Moro

Asanteni sana. Nimechora hadi karatasi za grafu zimeisha dukani, na dada, zoni ya pembe sita sasa naichora nikiwa naongea. Nimejisajili mango na kwanta zote.

Nimeingia sura ya eksirei na kuna kitu kinanisumbua. Chumvi ya mezani na kloridi ya potasiamu zina muundo uleule. Mbona mstari wa eksirei wa (111), yaani unaotoka kwenye tabaka za atomu zenye mwelekeo huo, upo kwenye ile ya kwanza na kwenye ya pili karibu haupo?

Dada_Fuwele

Swali zuri mno, na ni la tangu mwaka 1913, Lawrence Bragg alipozipima chumvi hizo. Ukielekea (111), tabaka moja ni ayoni za metali tupu, linalofuata ni kloridi tupu, na tabaka la kloridi lipo katikati kabisa ya mawili ya metali. Kwa hiyo mawimbi yao yanapingana: nguvu ya mstari inategemea tofauti ya ayoni mbili. Sasa hesabu elektroni. Sodiamu iliyopoteza moja inabaki na 10, kloridi ina 18, tofauti ipo. Potasiamu iliyopoteza moja ina 18, kloridi 18. Eksirei hutawanywa na elektroni, kwake hizo mbili ni karibu kitu kimoja, zinafutana. Kwenye (222) zinajumlishwa, ndiyo maana huo haupotei.

Jaribu mwenyewe bromidi ya potasiamu, bromidi ikiwa na elektroni 36, kisha useme (111) inarudi au hairudi. Ukimaliza, fanya silikoni, atomu nane kwenye mchemraba wa nanomita 0.543, kwa eksirei ya shaba ya nanomita 0.154. Hakikisha (200) na (222) zinafutika zenyewe kwenye hesabu yako. Ukipata mistari mitatu ya kwanza kwenye digrii 28.4, 47.3 na 56.1, ambapo pembe ni kati ya njia ya mwonzi unaoingia na ule unaotoka, basi fungua sura ya Bloch.