Mzee kachapwa na jani la hindi jichoni, sasa kuna doa jeupe

Kijana wa Kilosa
Wakuu, naombeni msaada. Baba yangu (61) alichapwa na jani la hindi jichoni tukivuna, leo siku ya tisa. Duka la dawa walimpa matone, kwenye boksi kumeandikwa "dexa". Siku mbili akapata nafuu, wekundu ukapungua. Sasa jicho limevimba, machozi hayakatiki, mwanga hautaki kabisa, anashinda amejifunika kanga ya mama kichwani. Kwenye jicho, karibu na mboni, kuna doa jeupe kama chenga ya mchele. Tununue chupa nyingine?

Mama Wawili
Maziwa ya anayenyonyesha, matone matatu asubuhi na jioni. Kwetu yanasaidia.

Muuguzi wa Macho
Maziwa mwachieni mtoto. Na wewe kijana, hayo matone yasiingie tena jichoni, ila chupa na boksi msitupe, nenda navyo.

Dexa ni deksamethasoni, jamii ya steroidi. Inaondoa wekundu, na papo hapo inaipumbaza kinga ya jicho. Jani la shambani mara nyingi huingia na fangasi. Ile nafuu ya siku mbili ndiyo ninayoiogopa kuliko huo uvimbe.

Hilo doa linafanana na kidonda cha konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Mpelekeni kwa daktari wa macho LEO. Watamwekea rangi ya njano na kummulika kwa mwanga wa bluu, penye kidonda pang'ae kijani. Kisha ganzi ya matone, wakwangue kidogo ukingoni mwa kidonda. Wasipotaja kukwangua, ulizeni. Kwa kutazama tu hata sisi tunachanganya fangasi na bakteria, na dawa zake ni mbalimbali. Chini ya hadubini nyuzi za fangasi zinaweza kuonekana siku hiyohiyo. Kukiotesha maabara hicho kilichokwanguliwa, waone kimelea gani kinaota, huchukua siku kadhaa.

Ikiwa ni fangasi, dawa ni natamaisini ya asilimia 5. Ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2017, lakini si kila duka utaikuta, kwa hiyo pigeni simu kwanza. Jicho msilifunge bandeji.

Mbarali Mpunga
Mimi lilinipata la mpunga. Matone kila saa, usiku na mchana. Mke wangu alitega alamu ya simu, akawa ananifunua kope nikiwa nimelala nusu. Kidonda kilipona, kovu likabaki. Jicho hilo naona kama niko nyuma ya mfuko wa nailoni. Nilichelewa wiki tatu, nikihangaika na majani ya bibi.

Kijana wa Kilosa
Tuko kwenye basi, tunaelekea Morogoro. Boksi ninalo. Mzee anagomba tu, anauliza nani atamalizia mahindi.

Muuguzi wa Macho
Mwambie atakayemalizia avae miwani.