Watoto walio chini ya miaka minne ni jukumu la nani katika kaunti yetu ya Mombasa?

Mzazi wa Mishomoroni:

Hamjambo nyote. Mimi ni mama wa watoto wawili na riziki yangu ni kuuza mboga katika soko la Kongowea. Mkubwa ana miaka mitano na anasoma chekechea ya umma. Mdogo ana mwaka mmoja na nusu, na kila alfajiri humpeleka kwa mama mmoja wa mtaani kwetu anayelea watoto kwa shilingi 80 kwa siku. Mama huyo simlaumu hata kidogo, kwani ana huruma na mwanangu anampenda, lakini chumba ni kimoja, dirisha ni moja, watoto hufikia 18, na jiko la makaa linalopikiwa uji liko ukumbini, hatua mbili tu kutoka kwenye mkeka wanaolalia. Wiki iliyopita nilimkuta mwanangu ana lengelenge kiganjani. Limeanza kukauka, alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo mikono yangu hupanga mchicha na moyo uko kwingine.

Nilikwenda kuuliza katika ofisi moja kama kuna kituo cha serikali kinachopokea watoto wa umri huo, nikaambiwa kwamba serikali humjua mtoto akishatimiza miaka minne, na kabla ya hapo ni shauri la mzazi. Huko chekechea nako kila muhula tunadaiwa pesa za uendeshaji, na mtoto wa asiyelipa hurudishwa nyumbani. Naomba wanaoelewa sheria wanieleze: je, niliyoambiwa ni kweli? Na kama si kweli, mtu wa hali yangu aanzie wapi?

Msaidizi wa sheria, Mvita:

Dadangu, mtoto mpe pole. Uliyoambiwa si kweli. Katiba ya 2010, katika sehemu ya pili ya Jedwali la Nne, inataja kazi za serikali za kaunti, na katika nambari ya tisa, pamoja na elimu ya chekechea, vimetajwa waziwazi vituo vya kulelea watoto. Maneno hayo ndiyo yanayosahaulika. Nionavyo mimi, yanasahaulika kwa sababu chekechea ina madarasa na walimu wanaoonekana, ilhali mtoto wa miezi 18 aliyelazwa kwenye mkeka Mishomoroni haonekani katika hesabu za idara yoyote.

Kifungu cha 53 nacho kinampa kila mtoto haki ya lishe, makazi, huduma za afya na kulindwa dhidi ya kutelekezwa, na kinaagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Hakuna umri wa kuanzia uliowekwa hapo. Mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, na mwanao yumo. Tena Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto tangu 1990, ambao katika kifungu cha 18 unazitaka serikali zihakikishe kwamba watoto wa wazazi wanaofanya kazi wananufaika na huduma za malezi. Muuza mboga ni mzazi anayefanya kazi.

Kuhusu mkubwa, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo. Michango mingine inaweza kuruhusiwa kwa idhini ya waziri, lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa kutolipwa michango hiyo, na kwamba asiwepo mtu wa kuikusanya bila kutoa risiti rasmi. Anzia kwenye risiti. Iombe kwa heshima, uitunze, na mtoto akirudishwa nyumbani andika tarehe.

Mlezi wa watoto, Mikindani:

Mimi ninafanya kazi kama ya huyo mama, na nina ombi moja: mkiandika malalamiko, msiandike kwamba vituo vyetu vifungwe. Changu kikifungwa leo, kesho asubuhi watoto 12 watafungiwa ndani, au wataachiwa dada wa miaka minane ambaye naye atakosa shule. Tunachohitaji ni mafunzo, maji, na mtu wa kutukagua kwa nia ya kutusaidia.

Msaada mdogo huleta tofauti kubwa. Wakati mmoja wa Malezi Bora, kampeni ya afya ya mama na mtoto ambayo hufanywa Mei na Novemba, mhudumu wa afya ya jamii alipita kwangu kuwapa watoto matone ya vitamini A. Kisha akawafunga utepe wa rangi wa kupimia lishe kwenye mkono wa juu, mmoja baada ya mwingine. Kwa binti mmoja mdogo utepe ukasoma manjano. Hakuwa na homa wala hakuwa akilia, alikuwa mkimya tu, na mimi na mamake tulidhani ndiyo tabia yake. Akapelekwa zahanati, akaanzishiwa chakula cha lishe, na sasa ndiye mwenye kelele kuliko wote. Kumbe ukimya ule ulikuwa njaa. Najiuliza ni wangapi kama yeye waliopita mikononi mwangu kabla ya utepe ule.

Na huyo mama mwambieni aweke kizuizi cha mbao mbele ya jiko, kifike kiunoni. Mimi nilitengenezewa kwa mbao za makasha ya matunda.

Mwalimu mstaafu, Likoni:

Haki mmeshaelezwa, mimi nitasema juu ya pesa, kwa kuwa kisichoandikwa kwenye bajeti hakijengwi. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Wazazi wengi hujitokeza mwezi wa Mei, mambo yakiwa yamekwisha kupangwa. Nendeni kabla ya Septemba, na msiende mikono mitupu: pelekeni orodha ya vituo vya wadi yenu, idadi ya watoto na umri wao. Mkitaka kujua wadi yenu imetengewa nini, ulizeni kwa barua mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21.

Wala si jambo geni kwetu Pwani. Katika miaka ya 1980, jamii za Kiislamu hapa Mombasa, zikisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, zilianzisha shule za awali za madrasa ambazo walimu wake walikuwa akina mama wa mtaa waliopewa mafunzo, na mpango huo baadaye ukafika Zanzibar na Uganda. Jamii ilitoa nafasi na watu. Kaunti nayo ina kodi zetu, na haina sababu ya kushindwa kuwafunza walezi waliopo na kuwalipa.

Mzazi wa Mishomoroni:

Nawashukuru sana, na wewe mwalimu shikamoo. Kizuizi cha jiko tutakitengeneza wiki hii. Wazazi tisa tumeshachanga. Jana jioni nilizunguka mtaani na daftari la mwanangu, nikahesabu nyumba saba zinazolea watoto, na ndani yake watoto 94 ambao hawajafika miaka minne. Mitaa mingine ya Kisauni sijafika. Aliye na nafasi Jumamosi baada ya alasiri aniandikie hapa, tugawane mitaa.