Begi la leba: nipunguze nini jamani, naona kama nahama nyumba

Kijacho_wa_Mbagala
Habari za jioni wapendwa. Mimba yangu ya kwanza hii, nimeingia wiki ya 35, nitajifungulia hospitali ya serikali hapa hapa Dar. Nesi wa kliniki alishaniandikia vitu vya kununua, glavu, bunda la pamba, mpira wa kulalia, vibanio vya kitovu, beseni, ndoo, khanga doti tatu na nguo za mtoto. Hivyo vyote nimenunua, sina neno. Shida imeanza nilipoingia mtandaoni, kuna dada yuko Uingereza anaonyesha begi lake, spika ya muziki, mto wa nyumbani, mashine ya kukamulia maziwa, gauni la kupigia picha, basi na mimi nikaanza kuongeza kidogo kidogo, sasa nina begi la magurudumu na zipu haifungi. Mume wangu jana kalitazama weee akauliza kwani tunahamia kule? Mama mkwe naye hataki hata soksi moja ya mtoto inunuliwe kabla hajazaliwa, anasema tunamchuria. Niambieni ukweli nyie mliopita huko, nini kinatumika na nini nakibeba bure?

DadaMkubwa_Tandika
Hongera mdogo wangu, Mungu akushushe salama. Kabla ya kuuliza ubebe nini, jua kwanza kwamba hilo begi hulifungui wewe. Wewe utakuwa kitandani unaita mama yako, begi liko nje kwa ndugu, nesi anatoka mlangoni anaita kitu na anakitaka sasa hivi. Mimi mtoto wangu wa pili nilipanga begi likapendeza kama la harusi, kofia ya mtoto ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine, chini kabisa. Nesi akaita "khanga na kofia ya mtoto haraka!" baba watu akachanganyikiwa, akamwaga begi zima juu ya benchi, chupi, pedi, sidiria, zote hadharani na wazee wa watu wamekaa pale wanasubiri binti zao, halafu mwisho wa yote akampa nesi khanga mpya kabisa bado ina kibandiko cha dukani. Sasa khanga mpya ina wanga, hainyonyi maji, mtoto katoka kaloa unamfuta nayo ni kama unamfuta na gazeti. Nesi alinisema mimi, sio yeye.

Kwa hiyo khanga zako zifue hata mara tatu, mpaka zilegee. Halafu panga mafungu, fungu la leba peke yake kwenye kimfuko cha juu: khanga mbili za mtoto, kofia, soksi, nguo moja tu, pampasi moja, pedi na chupi yako, glavu na vile vya nesi. La wodini liwe jingine. Na ndoo iwe na mfuniko, nguo zenye damu ndo zinakaa humo, zamani tulikuwa tunazitia kwenye rambo lakini tangu Juni 2019 rambo zimepigwa marufuku. Spika acha dada, kule muziki upo wa kutosha, kila kitanda na wimbo wake.

Mkunga_ZamuYaUsiku
Nimecheka hapo kwenye muziki. Naongezea ya upande wetu.

Kadi ya kliniki ndo kitu cha kwanza, kuliko hata khanga. Humo mna group lako la damu, wingi wa damu, presha, vipimo vyote, ukija bila kadi saa nane usiku tunaanza moja kama hatujawahi kukuona.

Kucha za bandia na rangi toa kabla, kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni kinasumbuka na rangi. Cheni, bangili, hereni acha nyumbani, ukiambiwa oparesheni vyote vinavuliwa na ndo vinapotelea hapo. Maziwa ya kopo na chuchu msibebe, mtoto anawekwa kifuani ngozi kwa ngozi na anaanza kunyonya ndani ya saa la kwanza, ile dang'a, maziwa ya kwanza ya njano, inamtosha kabisa hata mkiiona ni matone. Beseni ni la kwako wewe, mtoto haogeshwi siku hiyo, asubiri masaa 24, anafutwa tu na kufunikwa. Poda na manukato ya nini? Na kitovuni hakuwekwi kitu, si mafuta si majivu, kikavu hivyo hivyo.

La mwisho nalisema kwa ukali kidogo. Kuna watu wanaficha chupa za dawa za kienyeji za kuongeza uchungu kwenye begi, chini ya khanga, bibi kasema kunywa vifuniko viwili. Msije nazo. Uchungu unakuja kwa fujo, mfuko wa uzazi unapasuka, na sisi hatujui mgonjwa kanywa nini maana anakataa.

BabaPacha
Mmemsahau mtu wa nje ndugu zangu. Mimi nilikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili usiku mpaka kumi na moja alfajiri, simu ilizima saa sita. Bebeni pawabenki, sweta na hela ya chenji chenji, usiku huo ukitumwa duka la dawa hakuna wa kukuvunjia elfu kumi. Na wawepo ndugu wawili watatu wa kuchangia damu ambao mmeshaongea nao, sio unaanza kupiga simu usiku kila mtu ana malaria.

BintiWaKisauni
Salamu kutoka Mombasa, huku sisi twaita leso lakini mambo ni yale yale. Mie ntaongeza tende na chupa ya chai, uchungu wa kwanza mrefu mamangu, wataka kitu cha kutia nguvu ukiruhusiwa kula. Na wenzangu wa huku hakikisheni mshajisajili SHA mapema, hiyo bima ya afya ya serikali ya Kenya, yale mambo ya bima ya zamani ya NHIF yaliisha 2024, usiende kusajiliwa ukiwa washika ukuta.

DadaMkubwa_Tandika
Tende sawa. Ila baada ya kujifungua mkwe alete uji wa pilipili manga, na kama ni Wachaga mtori utakuja wenyewe hata usipouita 😂

Kijacho_wa_Mbagala
Asanteni sana sana. Nimeshusha spika, mto, mashine ya maziwa na lile gauni la picha, begi limefunga. Kucha natoa Jumamosi. Mama mkwe nimemwambia nguo za mtoto ni za kuazima kwa wifi, akanyamaza, baadaye kanitolea khanga zake mbili za zamani zimefuliwa mpaka maandishi hayasomeki, laini ajabu, hizo ndo nimeweka juu kabisa. Jana usiku nikamjaribu mume wangu, nikapiga kelele kutoka chumbani "kofia ya mtoto!" Kaja mbio na soksi zangu. Leo tunarudia.