Mama ana vivimbe viwili pafuni, tumeambiwa upasuaji wa matundu. Ushauri wenu tafadhali

Mtoto wa Pili: Wakuu, habari za leo. Mama ana miaka 61, alitolewa saratani ya utumbo mpana mwaka juzi, akamaliza na kemo, zile dawa za kuua saratani. Sasa picha ya CT imeonyesha vivimbe viwili pafu la kulia, milimita 9 na 14. Daktari anasema vitatolewa kwa matundu madogo na kamera, bila kufungua kifua. Mjomba kagoma: eti saratani ikipigwa kisu inapata hewa, inasambaa. Nipo njia panda.

Nesi Mstaafu: Pole mwanangu. Mwambie mjomba hewa haina kosa, hiyo imefika mapafuni kwa njia ya damu kabla ya kisu chochote cha kifua. Ulizeni haya: kule ilikoanzia kumetulia? Ini je? Vyote viwili vitatoka? Kikibaki kimoja mmemtesa bure. Na wana hakika ni saratani? TB iliyopona nayo huacha makovu yanayofanana nayo kwenye picha.

Baba Swaumu: Mzee wangu alifanyiwa India. Nusu kaputi, pafu moja likapumzishwa, matundu matatu ubavuni. Akatoka na mpira wa kutoa hewa kifuani, unaoingia kwenye chupa ya maji, akikohoa mapovu yanapanda. Tulikaa tunayahesabu kama wajinga. Yalipokoma wakautoa. Kukohoa akumbatie mto, ndiyo siri.

Mbishi: Msikimbilie. Uingereza kuna utafiti wa PulMiCC, wagonjwa 93 wa saratani ya utumbo iliyofika mapafuni. Kuna waliopasuliwa, kuna waliofuatiliwa tu, na tofauti ya kuishi haikuwa kubwa kama wengi walivyotarajia. Ulisimama mapema kwa kukosa watu, kwa hiyo ubishi haujaisha. Ulizeni pia mionzi ya kulenga, ile inayochoma kivimbe chenyewe bila kisu.

Nesi Mstaafu: Mbishi, hapo sikupingi.

Mtoto wa Pili: Asanteni. Nimetoka kwa daktari. Ini safi. Ila kile cha milimita 9 kiko ndani, kupitia tundu hawezi kukipapasa vizuri kwa kidole, huenda akalazimika kupanua. Kuhusu mionzi, anapeleka picha kwa madaktari wenzake wa saratani, tunarudi Alhamisi. Mama kauliza swali moja tu: lini ataruhusiwa kukuna nazi.

Nesi Mstaafu: Wiki kadhaa. Kwenye mbuzi akae mjukuu kwanza.