Tupeane uzoefu: programu ya kuchorea ya kulipia kila mwezi imewahi kukuumbua?

Mgebuka Mbichi: Wakuu mwakeye. Niko Mwanga hapa Kigoma, nina kijiofisi cha kuchora logo, tisheti na stika za boti. Leo asubuhi kabla hata ya chai nawasha laptopu nakuta ujumbe, zimebaki siku tatu, hakikisha kadi ina hela. Moyo ukafanya paa. Nikakumbuka ile programu yangu ya zamani niliyonunua mara moja tu, haijawahi kunidai hata salamu. Sasa wenzangu mnaochora, mnalipia mwezi kwa mwezi au mnamiliki? Na imewahi kuwatokea puani?

Mama Stika: Imenitokea. Sitaki hata kuelezea.

Fundi Kalamu: Ngoja mimi nielezee maana limenikaa kooni mwaka wa pili huu. Niko Ujiji. Kuna binti nilikuwa naye zamani, tuliachana kwa heri sina kinyongo, akaja ofisini na dada yake, wanataka kadi za mchango wa harusi yake 150, eti "wewe ndo mwenye mkono mzuri". Nikachora kwa moyo jamani, waridi kona ya juu, majina kwa fonti ya mwandiko, chini namba ya mweka hazina. Nikapiga skrinishoti nikamtumia WhatsApp, akakubali. Kamati inakaa Alhamisi jioni. Jumatano usiku nafungua nitoe kopi ya kuprinti, programu imejifunga, malipo yamekataliwa. Kumbe ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu ilibaki na elfu nane tu, hela nilishanunulia wino na karatasi ngumu. Saa nne usiku unamwamsha wakala gani? Nikakopa kwa jirani muuza chipsi, nikaweka, ikakataa tena, mara bando nalo likakata. Faili nipo nalo nalitazama, kulifungua siwezi, PDF sikuwahi kutoa. Ilipofika saa nane usiku akili ikaniambia printi ile skrinishoti. Nikaivuta mpaka ikafika saizi ya kadi. Wakuu, herufi zilivimba kama dagaa waliolala ndani ya maji, na ile nane kwenye namba ya mweka hazina ikasomeka tatu. Kadi zikagawiwa hivyo hivyo. Watu wanne wakatuma bila kusoma jina, hela ikaenda kwa mzee mmoja wa Kasulu. Akapigiwa, akarudisha ya watatu, ya wa nne akasema keshanunulia saruji.

Bin Kibirizi: Subiri kwanza. Kadi ya ex wako, na kilichokosewa ni namba ya michango. Halafu unasingizia programu 😂😂

Fundi Kalamu: Wallahi ni programu.

Mama Stika: Mbona waridi halikuvimba?

Mtoto wa Maembe: Poleni, niko Tabora. Tukirudi kwenye mada, hili halijaanza jana. Adobe, wale wenye Photoshop, walitoa CS6, mkusanyo wa programu zao, mwaka 2012, mwaka uliofuata wakatangaza hakuna tena mpya za kununua ukakaa nazo, kuanzia hapo ni Creative Cloud, unalipa unatumia, huna unakaa pembeni. Ila msijidanganye na hizo za "kumiliki", ukisoma mkataba unakuta ulichonunua ni leseni. Na leseni haizuii uzee, kompyuta za Mac zilipofika toleo la mfumo liitwalo Catalina 2019, programu za biti 32, yaani za muundo wa zamani, zote zikawa haziwaki, uwe ulilipia au hukulipia.

Kijana wa Fleshi: Mnajitesa tu. Corel X7, programu ya kuchorea, ipo kwenye fleshi yangu, nimechakachua, bando hailitaki na wala haijui tarehe. Mabango ya nusu ya mji huu yametokea humo.

Mama Stika: Na virusi vya nusu ya mji huu pia. Ulikuja kwangu na fleshi hiyo hiyo, mafolda yangu yote yakageuka shotikati, kazi za miezi minne. Hela ya kunilipa hukuwa nayo wala pole hukusema.

Kijana wa Fleshi: Dada hayo tuliyamaliza.

Mama Stika: Uliyamaliza wewe.

Mtoto wa Maembe: Afu ni wizi, tuite jina lake.

Kijana wa Fleshi: Wewe wa Tabora na hiyo jezi feki uliyovaa kwenye picha yako unaniambia wizi?

Bin Kibirizi: Mwacheni Fundi amalizie. Binti alisemaje alipoziona?

Dada wa Gungu: Mimi nachora katuni na vitabu vya watoto. Natumia Krita, bure, haina mwezi wala mwaka, na rangi za CMYK, zile nne za kuchapia, inazo kwa hiyo wa mashine ya kuchapa hanisumbui. Logo nafanya Inkscape, nayo bure, hiyo ipo tangu 2003. Affinity, nayo ya kuchorea, nilinunua mara moja nikatamba, Canva wakainunua kampuni yake 2024, mwaka uliofuata wakaigawa bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Canva. Nilifurahi na kununa kwa wakati mmoja. Kesho wakibadili mawazo je? Ndo maana kazi ikiisha tu natoa PDF na SVG, faili la mchoro linalofunguka kwenye programu nyingi, naweka pembeni, tena sehemu mbili.

Mgebuka Mbichi: Procreate je? Naambiwa unalipa mara moja.

Dada wa Gungu: Kweli, ila inataka iPad. Ukishanunua iPad hutabaki na hela ya kulalamikia mwezi.

Msukuma wa Relini: Mimi nalipia na sijutii. Bei ya mwezi naigawa kwa wateja, kila kadi inabeba kidogo. Na siyo kweli kwamba lazima uwe hewani kila siku, Creative Cloud ya mpango wa mwaka inaweza kukaa hata siku 99 bila intaneti. Sijui Fundi anatumia ipi. Wekeni hela kwenye kadi siku tano kabla, basi.

Bin Kibirizi: Siku tano kabla hela inakuwa bado iko kwa mteja bro.

Mama Stika: Hapo umenena.

Mgebuka Mbichi: Nimesoma yote. Inkscape nimeshaipakua, ila nimelipia na mwezi huu, maana kuna boti inashushwa Jumamosi na jina lake bado limo kule ndani. Nikimaliza natoa PDF. Fundi, harusi ilifungwa?

Fundi Kalamu: Ilifungwa vizuri tu. Kadi za mwaliko walipeleka kwa mtu mwingine. Mimi nilialikwa.

Mama Stika: Na yule mzee wa Kasulu?

Fundi Kalamu: Alikuja. Tulikaa meza moja.