Mrejesho: safari za kikazi na familia kwa anayefanyia kazi nyumbani

Wakuu, niliuliza namna ya kupanga safari za kikazi bila nyumba kuyumba, maana siku nyingine zote nafanyia kazi nyumbani na watoto wamezoea kuniona. Asanteni kwa majibu.

Ushauri uliosaidia kuliko yote ni kuongea na mwenzangu kabla sijamkubalia mteja tarehe. Sasa kalenda yetu ni moja kwenye simu, na shughuli za shule zinaingia humo kwanza. Wateja wengi hawajali ni wiki ipi, ilimradi waambiwe mapema. Vikao vya kupeana taarifa tu nimevihamishia kwenye video. Nasafiri pale penye mkataba wa kujadili au kazi inayotaka niwepo.

Nisilolitarajia ni ugumu wa kurudi. Aliyebaki kachoka, nami nimechoka, na kila mmoja anaona zamu ya kupumzika ni yake. Tumekubaliana kwamba siku inayofuata safari sipangi kikao. Siku hiyo watoto ni zamu yangu, yeye apumue. Hilo limepunguza manung'uniko kuliko zawadi yoyote ya uwanja wa ndege.

Simu ya video usiku haikumfaa mdogo, akiniona ndiyo analia zaidi. Nikimtumia hadithi kwa ujumbe wa sauti anairudia mpaka analala. Mkubwa yeye anataka kujua narudi lini, basi.

Kinachonishinda bado ni mlango wa chumba cha kazi: nikiwa ndani watoto wanaingia bila kubisha hodi. Mwenye mbinu aseme.