Ngazi ya Wharton Esherick inasimama aje?

Fundi wa Kadutu, Bukavu: Bandugu, nimeona picha ya nyumba Esherick, mchongaji wa mbao, alijijengea kule Pennsylvania, Marekani, ngazi ya mbao inajipinda inapanda juu, sioni ukuta unaoishika, sasa inasimama aje? Nataka nijaribu na mbao ya libuyu.

Jibu: Kaka, nguvu yote iko kwa nguzo ya katikati, ni mwaloni, vikanyagio vimechomekwa humo. Ngazi ni ya 1930, na 1940 waliifungua wakaipeleka maonyesho ya New York. Tafazali usitumie mbao mbichi, ikikauka vikanyagio vitalegea!

Jibu: Mi napenda zaidi vitundikio vya makoti mule nyumbani, Esherick alichonga sura za mafundi waliomusaidia kujenga. Heshima kubwa sana, huku kwetu fundi akishalipwa anasahaulika. Esherick alianza kujenga 1926 akaendelea kuongeza miaka na miaka.